Siku tuliyomla Toto ndani ya feri ya Likoni

Kabla hamjaniandama, Toto yuko hai, mzima wa afya, na ananidai mia mbili, kwa hivyo tulizeni roho. Toto ni jina tu tulimbandika mwaka wa kwanza kwa sababu ni mfupi na kidevu chake hakijawahi kuonana na wembe, hata pale feri kuna siku mlinzi alimuuliza umekuja na nani. Sisi ni wanne, tunasoma sheria chuo kimoja huko mjini Mombasa (sikitaji, nataka kumaliza kwanza), wote twakaa Likoni, ng'ambo ya maji, na kama wewe ni mtu wa Likoni unajua mambo yako yote yanapangwa na feri, mpaka harusi.

Wa kwanza ni Wakili. Hajafuzu, hajaapishwa, lakini tangu siku ya kwanza anakuja klasi na koti na mkoba wa ngozi ambao ndani mna chaja na chapati. Wa pili ni Kadhi, huyu twamwita hivo manake kila ugomvi lazima asuluhishe yeye, hasa ugomvi wa chakula, na akishamaliza kusuluhisha hicho chakula hukioni tena. Halafu Toto. Halafu mimi.

Sasa lekchara wetu wa sheria ya jinai ni mama mmoja mkali kwelikweli, hataki umimine noti, anataka kesi. Ukiandika sheria bila kesi anakupigia mstari mwekundu kutoka juu ya karatasi hadi chini bila kuinua kalamu. Tukaona kila mtu akisoma kivyake tutaenda sapu, kurudia mtihani, wote wanne tumeshikana mikono. Ndipo Wakili akaja na akili yake: tuigize kesi, kila mtu awe mtu ndani ya kesi, ukishakuwa mtu huwezi kumsahau. Na lazima nimpe haki yake, ilifanya kazi. Kontrakti tulipita hivyo hivyo, ile kesi ya Carlill ya 1893, ya kampuni ya Uingereza iliyotangaza kwamba ukivuta dawa yao vile walivyoelekeza halafu bado mafua yakakushika watakulipa pauni 100. Kadhi ndiye alikuwa Bi Carlill. Akajifunga leso mbili, akafukizwa majani ya mkaratusi mpaka machozi yakamtoka, akadai pauni zake kwa sauti ambayo majirani walidhani kapagawa. Hiyo kesi siwezi kuisahau hata nikigongwa na tuktuk.

Jinai sasa. Kesi tuliyokuwa na uhakika itakuja ni ya Dudley na Stephens ya 1884, na kama huijui kaa nikupe, manake bila hii hutaelewa kwa nini nilikaribia kuingizwa ndani. Wazungu wanne walitoka Uingereza na yoti moja inaitwa Mignonette wakiipeleka Australia kwa mwenyewe. Nahodha Dudley, msaidizi wake Stephens, baharia Brooks, na kijana wa kazi, Richard Parker, miaka 17. Katikati ya bahari wimbi likaivunja, wakarukia kimashua kidogo bila maji ya kunywa, chakula chao chote mikebe miwili ya tanipu, ile mboga ya mizizi ya wazungu. Tanipu jamani! Mtu anaingia baharini na tanipu. Wakabahatika kupata kasa mmoja, wakamla, akaisha. Siku ya ishirini hivi, Parker keshakunywa maji ya bahari yuko hoi, Dudley akaomba dua, akamwambia kijana saa yako imefika, akamtia kisu cha shingo. Wakamla. Siku ya nne baada ya hapo meli ikapita ikawaokoa! Walipofika kwao wakaeleza wenyewe kila kitu, hawakuona shida, wakashtukia wako kizimbani kwa mauaji. Korti ikasema dharura si kisingizio cha kuua mtu asiye na hatia, wakahukumiwa kifo, mwisho wakapunguziwa wakafunga miezi sita. Yule Brooks alikataa kuchinja ila kula alikula, na hakushtakiwa, akafanywa shahidi.

Watu wanne kwenye mashua, sisi wanne, Mungu akupe nini tena. Wakili akajichukulia unahodha, mimi Stephens, Kadhi akapewa Brooks bila mjadala, na Parker nadhani mshajua. Toto alilalamika. "Kwa nini kila kesi mimi ndio marehemu?" Na ni kweli, kwenye mauaji yote ya silabasi Toto alikuwa keshakufa, alishapigwa risasi, alishatiliwa sumu, mara moja alizikwa kabisa kwenye mchanga pale Shelly Beach tukamsahau kidogo tukaenda kununua viazi karai.

Siku ya pepa tukakutana feri asubuhi, pepa ni saa tatu. Unaijua feri ya asubuhi. Unabanwa mpaka unajua mwenzako alikula nini jana. Kando yetu kasimama mama mmoja wa buibui na ndoo nyeupe ya mahamri anayapeleka mjini kuuza, na harufu ya iliki inatoka pale chini ya kifuniko, Kadhi akaanza, "Shikamoo mama, nifungulie mawili tu mamangu, nina mtihani, tukifika ng'ambo nakupa pesa yako, hapa hata mkono haufiki mfukoni." Mama wa watu akamhurumia akafungua. Mawili yakawa manne.

Feri ikaondoka. Injini yanguruma, boda zimewashwa kabla hata hatujafika katikati, ukitaka kusikiwa lazima upaaze sauti. Wakili akasema turudie Dudley ya mwisho mwisho, haraka.

"Haya! Siku ya ishirini! Hali ikoje?"

Nikajibu kwa sauti, "Hatujala siku saba! Maji hatujanywa siku tano! Toto kanywa maji ya bahari, yuko hoi, kalala chini!"

"Mimi nkafanya nini?"

"Ukaomba dua, ukamwambia Toto saa yako imefika, ukamtia kisu cha shingo!"

"Kwa nini Toto?"

"Kwa sababu ni mdogo, hana mke, hana watoto, na angekufa tu!"

"Sawa! Kadhi, wewe je?"

Na Kadhi, hamri liko shavuni, mafuta yanameta kwenye mdomo, akainua kidole kabisa, "Mimi kumchinja nilikataa! Lakini kula, nilikula!"

Nyuma yangu nikasikia kifuniko cha ndoo kinaanguka.

Nilipogeuka yule mama macho yalikuwa kwenye mdomo wa Kadhi, hayatoki. "Mmemla nani?" Kadhi, badala ya kumeza kwanza, anamjibu, "Toto." Mama akajishika kichwa, "Yallah! Wamekula mtoto!" Na feri ile ilivyojaa, neno likitoka nyuma halihitaji miguu. Nililiona kwa macho yangu likienda, vichwa vinageuka safu kwa safu kuelekea mbele, wamekula mtoto, wamekula mtoto Likoni, wako wanne, mmoja ana koti.

Mama akamshika Kadhi ukosi wa shati. "Mtoto yuko wapi?"

Toto akainua mkono. "Ni mimi mama."

Kimya. Mama akamtazama juu, akamtazama chini, akamgusa bega. "Wewe ndiye uliyeliwa?"

"Ndiyo mama. Lakini ni masomo."

Basi ikabidi Wakili aeleze kisa kizima, na Wakili akipewa hadhira hana breki. Na hapo ndipo nilipojua watu wa feri wangekuwa na lekchara kama yule wote wangepasi, manake walituacha sisi na noti zetu wakaanza kesi upya. Kulikuwa na mzee mmoja wa kikoi na kofia, anasema ujana wake wote ameumalizia majahazini, akauliza swali moja tu, "Walipiga kura?" Wakili akasema nahodha alipendekeza kura ila Brooks alikataa, basi hazikupigwa. Mzee akasikitika kama waliokufa ni jamaa zake. "Hapo ndipo walipoharibu. Baharini watu wakifika hapo ni kura, nahodha na yeye ndani." Kijana mmoja wa boda akasema lakini mzee, yule dogo alikuwa anakufa tu, si bora mmoja afe watatu wapone. Mzee akamgeukia, "Na wewe ukiugua malaria tukuchinje?" Watu kicheko. Wakili akadakia kwamba hata jaji, Lord Coleridge, aliuliza hivyo hivyo, nani wa kupima uhai wa nani wastahili zaidi, tupime kwa nguvu, kwa akili, au kwa nini?

"Kwa unene," akasema mama wa mahamri. "Kwa nini hawakumla nahodha? Nahodha ndiye mwenye nyama." Abiria wote wakamtazama Wakili. Akafunga koti.

Halafu mama akamrudia Kadhi, na kwa huyu hakuwa na huruma hata chembe. Kwake yeye hao wawili walioua walikuwa na dhambi yao, lakini huyu aliyekataa kushika kisu halafu akakaa mkao wa kula ndiye hatari kuliko wote, ati mtu namna hiyo hata kwenye matanga yeye ndiye wa kwanza jikoni. Kadhi anajaribu kujitetea mama mimi ni Brooks tu, mama hasikii.

Kufikia hapo sisi wa nyuma tumeshaelewana, tunacheka, mzee anatuombea dua ya mtihani. Shida ni kwamba habari iliyokwenda mbele haikurudi kusahihishwa. Feri ikagusa upande wa kisiwani, watu wakamwagika, na sisi tunapanda ule mlima tukakuta askari anatungoja, kando yake abiria mmoja wa mbele anatuonyesha kwa kidole. "Ndio hao, afande. Yule wa koti ndiye mkubwa wao."

Afande akatusogeza pembeni. "Kuna mtoto ameliwa?"

Wakili alikuwa ameingoja siku hii maisha yake yote. Akavuta koti, "Afande, kwa mujibu wa Katiba ya 2010, kifungu cha 49, tuna haki ya kuelezwa mara moja sababu ya kushikwa, tuna haki ya kuwasiliana na wakili, tuna haki ya kufikishwa kortini ndani ya saa 24, na tuna haki ya kunyamaza." Halafu hakunyamaza. Akatoka kifungu cha 49 akaingia cha 50, akagusa kutesa, akagusa faragha, mimi namkanyaga mguu, saa zaenda.

"Sijawashika," afande akasema pole pole. "Nimeuliza mtoto yuko wapi."

Toto akainua mkono tena.

"Wewe ni nani?"

"Mimi ndiye niliyeliwa, afande."

"Lini?"

"1884."

Afande akavua kofia, akajikuna, akaivaa tena. Nadhani alikuwa anafikiria atuandike vipi kwenye kile kitabu chake. Akaomba vitambulisho, na ndipo ikajulikana kitambulisho cha Toto kiko nyumbani, kwa hivyo marehemu wetu hana hata karatasi ya kuthibitisha yuko hai. Saa mbili na dakika arubaini. Kadhi kaanza kutokwa na jasho, Wakili kaanza kifungu cha 51.

Aliyetuokoa ni yule mama. Alipanda na ndoo yake kichwani, taratibu, akatuona, akaja. "Afande, hawa wanangu si wauaji, ni wanafunzi, wanasoma mambo ya wazungu waliokula mwenzao. Mimi ni shahidi, nilisimama nao mwanzo mpaka mwisho." Afande akashusha pumzi, akaanza kutabasamu. Nikajua tumepona.

"Ila huyu," mama akanyoosha kidole kwa Kadhi, "amekula mahamri yangu manne na hajalipa."

Afande akafurahi jamani, manake sasa ana kesi anayoielewa. Kadhi akapekua mifuko yote, mbele, nyuma, soksi. Hana kitu, eti pesa iko kwenye simu na simu imezima chaji. Mkoba wa Wakili ukafunguliwa hadharani, zikatoka chaja na chapati, mama akazitazama akasema hivyo hataki. Mwisho Toto ndiye aliyetoa noti ya mia mbili, akalipia mahamri ya mtu aliyemla, na chenji akanipa mimi ya tuktuk, wote wanne tukajibana ndani. Tulipofika Posta jemu imesimama, tukashuka tukakimbia, Wakili mkoba kichwani.

Tukaingia dakika kumi baada ya watu kuanza. Nikafunua karatasi, swali la kwanza: watu wamekwama baharini, wamemuua mwenzao, jadili utetezi wa dharura. Nilitaka kulia. Tukaandika mpaka vidole vikafa ganzi, na lazima nikiri mimi ile hoja ya mzee kuhusu kura niliitia na ikanipa maksi.

Wiki ya kurudishiwa pepa, lekchara akaja nazo klasi, akagawa zote, moja akabaki nayo mkononi. Ya Toto. Toto alikuwa amezoea kuwa Parker, na kwa ile haraka ya kuingia umechelewa na jasho lako, swali lote la kwanza aliliandika kwa nafsi yake. Lekchara akavaa miwani akasoma kwa sauti: "Nilikuwa nimekunywa maji ya bahari na sikuwa na nguvu ya kukubali wala kukataa. Dudley akanitia kisu. Kwa maoni yangu kitendo hicho hakikuwa halali."

Chini yake kwa wino mwekundu alikuwa ameandika: "Pole sana marehemu. Ulifufuka lini? 14/20."

Toto anataka kukata rufaa, anasema kwa mtu aliyeshuhudia tukio mwenyewe zile kumi na nne ni dharau. Wakili kakubali kumtetea, ila ada anataka ilipwe mbele, na Toto anasema pesa yake ninayo mimi.