Kigoma tufundishe urithi kwa mchikichi

Mwanafunzi wa kidato cha nne hapa Kigoma akisoma jinsi sifa zinavyorithiwa hukariri njegere za Mendel, mtafiti wa kwanza wa kanuni za urithi, ilhali michikichi imemzunguka tangu utotoni. Naona tuanze na mchikichi. Unene wa ganda linalofunika mise (kiini cha ndani ya kokwa) hutawaliwa na jeni moja, jambo lililobainishwa mwaka 1941 ng'ambo ya ziwa, katika Kongo ya Wabelgiji. Jeni hiyo ina sura mbili, G na g, na kila mti hubeba mbili, moja kutoka kwa kila mzazi; hivyo kuna aina tatu za michikichi. Dura (GG) ina ganda nene. Pisifera (gg) haina ganda. Tenera (Gg) iko katikati: ganda jembamba lililozungukwa na pete ya nyuzi nyeusi. Kata matunda kwa upana kwa panga kali, darasa lijionee.

Dura kwa pisifera huzaa tenera tupu. Tenera kwa tenera huzaa robo dura, nusu tenera, robo pisifera. Ndiyo maana mkulima hashauriwi kuotesha mbegu alizookota chini ya tenera zake.

Hapa mwalimu ajihadhari. Ganda hujengwa na mti mama, kwa hiyo matunda yote ya mti mmoja ni ya aina moja, chavua itoke kokote. Anayekata matunda 40 ya mkungu mmoja akitafuta 1:2:1 hataipata kamwe. Hesabu miti, tunda moja kwa kila mti. Hata hivyo pisifera zitapungua, kwa sababu mikungu yake mara nyingi huoza kabla ya kukomaa.

Uwiano wenyewe ufundishwe kwa mifuko miwili, yaani wazazi wawili wa tenera, kila mmoja na maharage 50 mekundu (G) na 50 meupe (g) ya ukubwa sawa, la sivyo vidole vitachagua. Chota moja kila mfuko bila kutazama, andika, rudisha. Kundi lililochota mara 12 likapata 1:7:4 halijakosea. Jumlisha matokeo ya makundi yote hadi yapite 200. Mendel mwenyewe alipata mbegu 5,474 za mviringo na 1,850 zenye mikunjo, yaani 2.96 kwa 1, karibu na 3 kwa 1 iliyotarajiwa, kwa kuwa kwenye njegere zake Gg huonekana sawa na GG.

Selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, ifuate baada ya hapo, na ifundishwe kwa uangalifu mkubwa. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji (wana jeni moja ya ugonjwa bila wao kuumwa), kila mimba ina uwezekano wa robo wa kuzaa mtoto mgonjwa, hata kama mtoto aliyetangulia anaumwa. Tafadhali, msiwatume wanafunzi kuuliza makundi ya damu ya wazazi nyumbani, wala msiwaambie wenye mgonjwa katika familia wanyooshe mikono.