Siku Tatu Kati ya Homa na Bucha

“Vietnam wana chanjo ya homa ya nguruwe, sisi tunangoja nini?” Swali hili limezunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya wafugaji wa Mbeya na Songwe mpaka limechakaa, na kila likirudi huleta mabishano yale yale. Wapo wanaotaka chanjo hiyo iagizwe hata kesho. Wapo wanaowajibu kwamba nguruwe aliyefungiwa bandani, asiyelishwa makombo wala kutembelewa na wageni, hana haja ya chanjo. Mimi nimefuga, nimefukia nguruwe kwa mikono yangu, na kila nikizisikiliza pande hizi mbili naona kuna jambo linarukwa.

Tuanze na ugonjwa wenyewe, maana ni wa nyumbani. Homa ya nguruwe ya Afrika iliandikwa kitaalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1921 na Montgomery, daktari wa mifugo aliyefanya kazi Kenya, baada ya kuona nguruwe wa walowezi wakifa karibu wote. Baadaye ikajulikana kwamba kirusi chake kimeishi miaka na miaka baina ya ngiri na papasi wanaokaa kwenye mashimo ya ngiri, jamaa ya papasi wale wanaojificha kwenye nyufa za nyumba za udongo. Ngiri hadhuriki. Nguruwe wa kufugwa ndiye mgeni katika ujamaa huo, na ndiye anayelipa. Hupandwa na homa, hukataa chakula, masikio na tumbo hugeuka wekundu hadi zambarau, jike mwenye mimba huitupa, na ndani ya siku saba hadi kumi anakufa. Binadamu haambukizwi. Dawa hakuna.

Nyanda za Juu Kusini zina nafasi yake katika historia ya karibuni ya kirusi hiki, ingawa si sifa ya kujivunia. Mlipuko uliotokea nchini kati ya 2010 na 2012 ulianzia Kyela, jirani na mpaka wa Malawi, ukafuata barabara mpaka Dar es Salaam. Gerald Misinzo wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) na wenzake walipokisoma kirusi hicho kwa vinasaba walikuta ni cha aina ambayo wataalamu huiita jenotaipu II. Ni kundi lile lile lililotoka upande wetu huu wa Afrika likaibukia Georgia, kwenye Bahari Nyeusi, mwaka 2007, na inaaminika liliingia huko kwa makombo ya nyama yaliyoshushwa kutoka melini. Likatambaa Urusi na Ulaya Mashariki, na Agosti 2018 likapiga hodi China. Mwaka mmoja baadaye idadi ya nguruwe wa China ilikuwa imepungua kwa zaidi ya theluthi.

Hapo ndipo fedha za utafiti zilipomwagika. Kwa karibu miaka mia moja ugonjwa uliwamaliza nguruwe wa Malawi, Msumbiji na huku kwetu bila kuzikosesha usingizi maabara kubwa za dunia. Ulipofika kwenye soko la China, chanjo ikapatikana ndani ya miaka michache. Nasema haya bila kinyongo, au kwa kinyongo kidogo tu, kwa sababu ndipo inapoanzia hoja nzito ya wanaotaka chanjo iagizwe. Chanjo hizo zimetengenezwa kwa kirusi cha jenotaipu II kilichopunguzwa makali. Mojawapo ilitokana na kazi ya wanasayansi wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, walioondoa jeni moja tu, na Vietnam ikairuhusu mwaka 2022. Mwaka uliofuata chanjo mbili zikaruhusiwa kutumika nchi nzima. Kama kirusi kilichochanjiwa Hanoi ni ndugu wa kile kilichoua Kyela, wanauliza, tunasubiri utafiti gani tena?

Hoja yao ya pili ni ya mfukoni, nami naiheshimu kuliko ya kwanza. Mfugaji mwenye nguruwe wawili nyuma ya nyumba hawezi kujenga uzio, kuweka mlinzi getini na kununua gambuti kwa kila anayeingia. Kinga ya namna hiyo ni ya mwenye nguruwe mia. Tena Juni 2025 ilizinduliwa kampeni ya kitaifa ya chanjo ya mifugo kwa ruzuku: ng’ombe wamo, mbuzi na kondoo wamo, kuku wamo. Nguruwe hayumo, kwa sababu chanjo ya ugonjwa unaomwogopesha mfugaji wake kuliko yote haipo nchini. Mwenye nguruwe akiangalia jirani yake akichanja kuku bure, lazima ajione mtoto wa kambo.

Sasa upande wa pili. Chanjo hizi ni virusi hai. Agosti 2022, miezi michache tu baada ya kibali, Vietnam yenyewe ilisimamisha chanjo ya kwanza kwa muda baada ya nguruwe kufa katika baadhi ya mikoa, wengi wao wakiwa wamechanjwa nje ya masharti. Masharti yalikuwa wachanjwe nguruwe wa kunenepesha wenye wiki nane hadi kumi. Hebu tuambiane ukweli: chupa ile ikifika kwenye duka la dawa za mifugo hapa kwetu, nani atamzuia mtu asimchome jike mwenye mimba ya miezi mitatu?

Ureno ilishapita njia hii. Miaka ya 1960 iliwachanja nguruwe kwa kirusi hai kilichodhoofishwa, na wengi wakaishia na mapafu mabovu, viungo vilivyovimba na vidonda vya ngozi, huku wengine wakibaki na kirusi mwilini. Watafiti wa fani hii hawajaisahau kumbukumbu hiyo, na ndiyo inayowafanya waonekane waoga mbele ya mfugaji mwenye haraka. Kuna na jambo jipya zaidi: nchini China na Vietnam vimepatikana virusi vilivyochanganya vinasaba vya jenotaipu I na II, na chanjo hai iliyotengenezwa China ilipojaribiwa dhidi yao haikuwakinga nguruwe. Sisi tuna mchanganyiko wetu. Mbali na jenotaipu II, Tanzania imeshapata X, XV na XVI. Nairobi, wataalamu wa ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, wanahangaika na chanjo ya jenotaipu IX, inayosumbua Kenya na Uganda. Sindano moja ya kutoka Asia haiwezi kuahidi kuzimudu zote.

Na kuna kikwazo ambacho kwenye makundi ya WhatsApp sijakiona kikitajwa hata mara moja. Nguruwe aliyepewa chanjo hizo akipimwa damu, kipimo hakitofautishi kinga ya chanjo na kinga ya ugonjwa. Siku Mbeya ikichanja, maabara inapoteza jicho lake. Shirika la Afya ya Wanyama Duniani lilipitisha viwango vya kimataifa vya chanjo hii Mei 2025 tu, kwa hiyo anayesema tungoje kidogo hajazubaa kama anavyotukanwa.

Wapo pia wanaosema haya yote ni makelele, turudi kwa nguruwe wa kienyeji kwani ni sugu. Hoja hii inapendeza, ila ilishapimwa. Angónia, huko Msumbiji ng’ambo ya Malawi, watafiti walikuta nguruwe waliokuwa wameugua wakapona. Wakazalisha watoto wao, wakawaambukiza kirusi, na karibu wote wakafa. Usugu haukurithiwa.

Basi inabaki kufungia na usafi, na upande huu una ushahidi mzuri kuliko unavyopewa heshima. Hispania, iliyoingiliwa na ugonjwa huu miaka ya 1950 na 1960, ilianza mpango wa kuung’oa mwaka 1985 na ikaumaliza mwaka 1995 bila chanjo yoyote. Kwetu kufungia kuna faida mara mbili. Wilaya ya Mbozi na maeneo ya Mbeya yanajulikana kwa watafiti wa dunia kwa sababu ya minyoo ya tegu, ambayo nguruwe anayezurura huipata kwa kula kinyesi cha watu, na mayai yake yakimwingia mtu yanaweza kupanda kichwani na kuleta kifafa. (Watafiti wengi waliokuja kuchunguza nguruwe wa Mbozi walikuja kwa ajili ya vichwa vyetu. Nguruwe mwenyewe alikuwa shahidi tu.) Ukimfunga nguruwe na ukatumia choo, umeziba njia ya tegu na umepunguza njia ya homa.

Lakini ninaposikia mfano wa Hispania ukitolewa kwenye semina, hutolewa nusu. Husemwa mabanda, dawa ya kunyunyizia, vipimo vya damu. Nusu inayoachwa ni kwamba mwenye nguruwe waliouawa kwa amri alilipwa.

Na hapo ndipo linapolala lile jambo linalorukwa. Kati ya siku nguruwe anapokataa pumba na siku anapoanguka, huwa kuna siku mbili, tatu. Katika siku hizo mfugaji ana simu mbili za kupiga. Akimpigia afisa mifugo, itakuja karantini, bei itaanguka kijiji kizima, na majirani watajua ni nani aliyeita. Akimpigia dalali, atapata nusu bei, taslimu, jioni hiyo hiyo. Dalali naye huja na kamba, kisu na gambuti alizotoka nazo banda la jana. Nyama ikifika bucha haimdhuru mlaji wa kitimoto, ila maji ya kuoshea, mifupa na mabaki ya jikoni hurudi kwenye ndoo ya makombo, na ndoo huishia kwenye banda jingine.

Nayajua haya kwa sababu niliyafanya. Nilipiga simu kwanza, kwenye ofisi moja ya serikali, nikaahidiwa mtu wa kuchukua sampuli. Alifika siku ya nne. Majibu ya maabara yalipokuja nilikuwa nimeshafukia nguruwe wanane. Wawili niliwauza. Kwenye takwimu za mlipuko ule, kama nilihesabiwa, mimi ni vifo vinane. Wale wawili, walioondoka wakitembea kwa miguu yao, hawamo kwenye karatasi ya mtafiti yeyote, na ndio waliosambaza.

Kwa hiyo ningeambiwa nigawe fungu la utafiti la mikoa hii, nisingelimaliza kwenye sindano. Chanjo ijaribiwe, ndiyo, tena kwa uangalizi mkali na dhidi ya virusi vyetu, halafu iruhusiwe au ikataliwe kwa matokeo ya hapa. Ila sehemu kubwa ningeipeleka kwenye hizo siku tatu. Kipimo cha haraka cha kutumia bandani, ili afisa asingoje majibu ya PCR, kipimo cha maabara cha kutafuta vinasaba vya kirusi, kutoka mbali. Iringa kuna kituo cha Wakala wa Maabara ya Veterinari, lakini kutoka kijiji cha wilayani Ileje, Songwe, mpaka Iringa sampuli inasafiri siku nzima, kama kuna gari. Halafu utafiti wa fedha, ambao wataalamu wa mifugo huuona si wa kwao: nguruwe wa kwanza kuripotiwa alipwe kiasi gani ili simu ya kwanza imfikie afisa na si dalali? Bei hiyo inaweza kupimwa kama homa inavyopimwa. Vijiji kadhaa vijaribiwe kwa fidia, vingine bila, tuone milipuko inagundulika mapema kwa siku ngapi. Atakayesema fidia ni ghali, na ni kweli ni ghali, aweke mezani gharama ya barabara nzima kutoka Kyela hadi Dar es Salaam.

Kuna anayenijibu kwamba ukilipa, watu wataambukiza nguruwe wao makusudi. Wanaweza. Ndiyo maana nasema ilipwe chini ya bei ya soko na juu ya bei ya dalali. Nafasi iliyopo baina ya bei hizo mbili ni pana.

Juzi nilikwenda Igawilo, Mbeya, kwa mama mmoja mwenye nguruwe kumi na moja, majike wanne wakiwa na mimba. Ana gambuti zinazokaa bandani na hazitoki. Mlangoni ameweka beseni la dawa ya kukanyaga, nikalikuta limekauka, lina jani la mparachichi ndani. Akamwita kijana wake alijaze, akawa anachekacheka kwa aibu, akisema dawa iliisha tangu wiki ya kwanza ya mwezi. Nikamuuliza, mama, akianza mmoja kukataa chakula utampigia nani? Hakunijibu. Nje ya uzio bodaboda ilisimama, kijana mwenye kamba begani akapaza sauti: “Shikamoo mama! Leo hamna mnyama?”

“Marahaba,” akasema, akiangalia beseni. “Leo hamna.”