Mbwa wa jirani, kuku wa kienyeji: nani ajenge ua?

Iwe Isyesye au Uyole mkoani Mbeya, Kihesa au Mafinga mkoani Iringa, kesi hii humfikia balozi wa nyumba kumi kwa sura ileile. Mmoja kaja na tetea aliyekufa, kamshika miguu. Mwingine anaapa kwamba mbwa wake hakutoka nje ya geti, kuku ndiye aliyejipeleka. Kikao kinaanzia kwenye bei ya kuku, na bei ndilo jambo jepesi kuliko yote pale.

Mwenye mbwa ana hoja, na mara nyingi hasikilizwi. Kuku wa kienyeji hana mpaka. Anavuka, anafukua tuta la mchicha, anataga kwenye kibanda cha kuni cha jirani. Mbwa akimkamata ndani ya uwanja wa bwana wake, amefanya kile alichowekwa kufanya. Kwa hiyo swali la kwanza kwa balozi liwe: manyoya yamelala wapi? Manyoya mengi huachwa pale kuku alipokamatwa, mzoga unaweza kuburutwa mbali. Anayeokota mzoga kabla ya watu kuona mahali amejiharibia ushahidi mwenyewe.

Swali la pili ni kama muuaji ni mbwa kweli. Mbwa hufukuza, huuma mgongo au kiuno, hutikisa, kisha huacha na kumrukia mwingine. Utakuta kuku watatu wamekufa na hakuna aliyeliwa. Mwewe hubeba kifaranga na haachi mwili. Kicheche na fungo huja usiku. Baada ya mvua tazama nyayo: za mbwa huonyesha kucha, za paka kwa kawaida hazionyeshi.

Jibu rahisi la mwenye mbwa ni "fungia kuku wako". Tulipigie hesabu. Kuku mzima aliyefungiwa siku nzima hula gramu 100 hadi 120 za chakula. Kuku 10 wanamaliza kilo 30 na ushee kwa mwezi, na mfugaji huyu alichagua kienyeji hasa kwa sababu kuku hujitafutia. Kumwambia afungie ni karibu sawa na kumwambia aache kufuga. Mbwa wa ulinzi, kwa upande wake, kazi yake ni ya usiku, kuku wakiwa wamelala. Kufungwa mchana hakumnyimi bwana wake chochote. Hapo mizani inaegemea kwa mfugaji, mradi mbwa asifungwe kamba ya mita moja juani bila maji: mbwa wa namna hiyo hugeuka mkali, na akikata kamba hachagui kati ya kuku na mtoto. Mnyororo wa mita tatu, kivuli na maji, au banda lenye uzio, vinatosha.

Kuna wanaodhani mbwa akishiba ataacha. Ugali wa kutosha ni haki yake, lakini kinachomwamsha ni kuku anayekimbia akipiga mabawa. Kumpiga jioni kwa kosa la asubuhi hakumfundishi kitu, na kumning'inizia mzoga shingoni ni kujifurahisha tu. Mbwa aliyeua mara mbili mchukulie ataua mara ya tatu akipata nafasi. Ndiyo maana fidia isiyoambatana na mnyororo ni malipo ya awali ya kuku wa kesho.

Mfugaji naye asijivue lawama. Mizoga ya kuku waliokufa kwa kideri, ugonjwa unaoua kuku wengi kwa mkupuo, inayotupwa jalalani huwazoesha mbwa wa mtaa nyama ya kuku. Izikwe kwenye shimo refu au ichomwe. Halafu kuna ile methali, kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Kuku mpya aliyefungwa mguu uani, anarukaruka na hawezi kukimbia, ni mwaliko kwa mbwa yeyote anayepita. Mweke ndani ya tenga zito lenye jiwe juu, au bora zaidi kwenye banda la peke yake, kwa siku kadhaa. Hata kideri unaweza kukiona kabla hakijaenea.

Sasa ua wenyewe wa kuku. Mikoa hii ina bahati ya mabanzi, yale mapande ya pembeni ya gogo yanayobaki mbao zikipasuliwa. Ua wa mita 6 kwa 4 una mzunguko wa mita 20: nguzo 11 za mkaratusi za mita 2.4, moja kila mita mbili na ya ziada kwa mlango, zikichimbiwa sentimita 60 na sehemu ya chini ikipakwa oili chafu. Kwa mabanzi ya upana wa sentimita 15, andaa 135 hivi. Hapa makosa ni matatu. Mabanzi mabichi ya msindano (paina) husinyaa yakikauka, nafasi zikafunguka, vifaranga wakapenya. Yapandanishe kidogo au subiri yakauke. Fito za ulalo zikipigiliwa upande wa nje zinakuwa ngazi ya mbwa. Zikae upande wa kuku. La tatu ndilo linaloua kuku wengi: chini. Udongo wa Uyole na Rungwe ni mwepesi, na mvua za Novemba hadi Aprili zinaulainisha zaidi. Chimba mtaro wa sentimita 30 ujaze mawe, au tandaza wavu mgumu wa chuma nje ya ua upana wa sentimita 45 na uufukie kidogo. Mbwa huanza kuchimba pale pale ukuta unapogusa ardhi, na hajui kurudi nyuma nusu mita. Wavu mwembamba wa kuku, ule wa matundu ya pembe sita, humzuia kuku; mbwa anauchana.

Ua huo si wa siku nzima. Wafungulie saa 10 jioni. Giza likianza wanarudi wenyewe.

Sumu kwenye nyama isitajwe hata kwa mzaha. Nguruwe, paka na watoto hupita njia ileile, na Kanuni ya Adhabu inahesabu kumuua mnyama wa mtu kwa makusudi na bila haki kuwa kosa la jinai. Mbwa anayetokwa mate na kuuma hata mawe ni suala jingine, huenda ana kichaa cha mbwa: mwite afisa mifugo, kuku aliyeumwa asiliwe, na mtu aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo.

Basi mbele ya balozi au mtendaji, karatasi iandikwe hivi: mbwa amefungwa kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 1 usiku, ana chanjo ya kichaa ya mwaka huu, mfugaji ameziba chini ya ua ndani ya wiki mbili. Kuku aliyeuawa ndani ya uwanja wa mfugaji alipwe bei ya sokoni ya siku hiyo, na kama ana vifaranga wasiojitegemea, nao wahesabiwe. Aliyekamatwa kwa mwenye mbwa, mara ya kwanza kila mtu abebe hasara yake. Na aliyelipa apewe mzoga wake. Ugomvi mwingi unaorudi wiki ya pili umeanzia hapo, mtu kachukua hela na kuku kamla.