Mkataba wa nyuklia na uhuru wa nchi: kelele zinapigwa kwenye kifungu kisicho chenyewe

Serikali ikitangaza kwamba imetia saini mkataba wa ushirikiano wa nyuklia na taifa kubwa, mabishano huanza siku hiyohiyo, na huwa yaleyale. Wapo wanaolia kwamba nchi imeuzwa: wakaguzi wa kigeni wataingia na kutoka kwenye mitambo yetu, na sheria za bunge la watu wengine ndizo zitakazotuamulia mambo. Wapo wanaojibu kwamba nchi iliyo gizani haina uhuru wa kujivunia. Msimamo wangu ni kwamba mkataba wa nyuklia unaweza kweli kula mamlaka ya nchi, ila mara nyingi sehemu inayoliwa siyo ile inayopigiwa kelele.

Nianze na India, kwa sababu sijui nchi nyingine ambako suala hili liligombaniwa kwa kina namna ile. Julai 2005, Waziri Mkuu Manmohan Singh na Rais George W. Bush walitangaza jijini Washington kwamba Marekani ingefungua tena biashara ya nyuklia ya kiraia na India, nchi ambayo haikuwahi kutia saini Mkataba wa Kuzuia Kuenea kwa Silaha za Nyuklia na ilikuwa imekwisha kulipua mabomu ya majaribio mwaka 1974 na 1998. India nayo ilikubali kutenganisha mitambo ya umeme na ile ya silaha. Kati ya vinu vyake 22 vya nyuklia, 14 vingewekwa chini ya ukaguzi wa Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki, IAEA, na 8 vingebaki nje.

Vyama vya mrengo wa kushoto, vikiongozwa na chama cha kikomunisti cha CPI(M) chini ya Prakash Karat, vilikuwa vikiibeba serikali ya Singh bungeni bila kuwa na mawaziri ndani yake. Vilisema mkataba huu ungeifunga India kwenye mkokoteni wa Washington. Julai 2008 vikaondoa uungaji mkono wao. Chama kikuu cha upinzani, BJP, ambacho kwa mambo mengine hakipikiki chungu kimoja na wakomunisti, nacho kilipinga, hoja yake ikiwa kwamba India ingepoteza haki ya kufanya majaribio mengine ya bomu. Tarehe 22 Julai ikapigwa kura ya imani. Mjadala ukiendelea, wabunge wa BJP walijitokeza mbele ya spika na mafungu ya noti, wakayamwaga mezani, wakidai ni hongo waliyopewa ili wasipige kura. Serikali ilipona kwa kura 275 dhidi ya 256. Spika mwenyewe, Somnath Chatterjee, alikuwa mwanachama wa CPI(M), na kesho yake chama kikamfukuza kwa kukataa kuachia kiti.

Hofu ya wapinzani haikuwa ya kuzua. Marekani ilikuwa imepitisha sheria ya Hyde mwezi Desemba 2006 ili kuruhusu mkataba wenyewe, na sheria hiyo ilisema wazi kwamba India ikilipua bomu jingine, ushirikiano unakoma. Ilikuwa pia na maneno yanayotaka serikali ya Marekani iishawishi India ishiriki kikamilifu katika kuitenga Iran. Mhindi yeyote mwenye kuijali nchi yake akisoma maneno hayo lazima damu imchemke. Serikali ya Singh ilijibu kwamba India inafungwa na mkataba iliousaini yenyewe, haifungwi na sheria iliyopitishwa na Kongresi kwa matumizi ya Wamarekani.

Jibu hilo lilikuwa sahihi kisheria, lakini halikutosha, kwa sababu India ilikuwa na kidonda cha zamani. Vinu viwili vya Tarapur, kaskazini mwa Mumbai, vilijengwa na kampuni ya Kimarekani ya General Electric kufuatia mkataba wa mwaka 1963, na vikaanza kutoa umeme mwaka 1969. Marekani iliahidi kuvilisha urani kwa miaka 30. India ilipofanya jaribio la 1974, Kongresi ilikuja na sheria mpya mwaka 1978 ya kuzinyima mafuta ya nyuklia nchi zisizokubali mitambo yao yote ikaguliwe, na ahadi ikafa. Ikabidi Ufaransa ndiyo ijaze pengo miaka ya mwanzo ya themanini. Mabaki ya urani iliyokwisha kutumika yalibaki palepale Tarapur: Marekani haikuyachukua, na haikukubali India iyachakate upya, yaani kuyatenganisha ili kupata mafuta mapya, au hata malighafi ya bomu. Kwa hiyo, anayesema sheria ya ndani ya muuzaji haiwezi kumgusa mnunuzi, aende akaulize Tarapur.

Ila tukiusoma mkataba wenyewe, ambao maandishi yake yalikamilika mwaka 2007, tunaona kwamba waliokaa mezani upande wa India walikuwa na Tarapur kichwani. Mkataba uliipa India haki ya kujiwekea akiba ya mafuta ya nyuklia ya kutosha maisha yote ya vinu vyake. Ugavi ukikatika, Marekani iliahidi kukaa na nchi rafiki, zikitajwa Urusi, Ufaransa na Uingereza, kutafuta namna ya kuurudisha. Hata kifungu cha kuvunja mkataba kinadai notisi ya mwaka mzima, na pande zote mbili zizingatie kama kilicholeta mgogoro ni mabadiliko ya hali ya usalama au kitendo kama hicho kilichofanywa na nchi nyingine. Naam, Marekani ilibaki na haki ya kudai vifaa vyake virudishwe. Lakini mwandishi wa vifungu hivi hakuwa amepiga magoti.

Suala la Iran nalo lina funzo lake. India ilipiga kura dhidi ya Iran kwenye bodi ya IAEA Septemba 2005, miaka miwili kabla maandishi ya mkataba hayajakamilika na mwaka mmoja kabla sheria ya Hyde haijapita. Kama kura ile ilitokana na shinikizo, basi hakukuwa na kifungu kilicholileta. Lilitokana na hamu ya kupata dili. Nchi inayotamani kitu kupita kiasi huanza kupinda kabla haijashika kalamu, na hakuna mwanasheria anayeweza kuliandikia hilo kinga.

Kisha mwaka 2010 bunge la India likafanya jambo ambalo waliotabiri utumwa hawakulitarajia. Lilipitisha sheria ya fidia ya ajali za nyuklia yenye kifungu kilichompa mwendesha mtambo nafasi ya kumdai aliyemuuzia vifaa vibovu. Kwa kawaida ya biashara hii duniani, muuzaji huwa hawajibiki kabisa. Mzigo wote ni wa mwendeshaji. Wabunge walikuwa na mji wa Bhopal mioyoni: gesi ya sumu iliyovuja huko kwenye kiwanda cha kampuni ya Kimarekani ya Union Carbide usiku wa kuamkia tarehe 3 Desemba 1984 ikaua maelfu ya watu, na fidia ikaja kumalizwa kwa dola milioni 470. Makampuni ya Marekani yalilalamika, serikali ya Marekani ikalalamika, na kwa miaka mingi iliyofuata hakuna kinu hata kimoja cha Kimarekani kilichojengwa chini ya mkataba ule. Wakati huohuo India ikawa inanunua urani Kazakhstan, Kanada, Urusi na Uzbekistan. Mlango uliofunguliwa na Washington ulitumiwa na wengine, na India ndiyo iliyochagua.

Sasa tuvuke hadi Afrika Kusini, ambako ndiko naona hatari ya kweli ilionekana uchi. Septemba 2014, pembeni ya mkutano mkuu wa IAEA jijini Vienna, serikali ya Jacob Zuma ilisaini mkataba na Urusi kuhusu kujenga mitambo ya megawati 9,600. Wananchi hawakuuona. Bunge halikuuona hadi Juni 2015, na ulipoletwa, uliletwa chini ya kifungu cha 231(3) cha katiba, kile cha mikataba ya kawaida ya kiutawala na kiufundi ambayo wabunge huarifiwa tu na hawaipigii kura. Ndani yake kulikuwa na kifungu kilichobebesha Afrika Kusini peke yake dhima yote ya ajali ya nyuklia, Urusi ikiwa salama. Huko ndiko kuuziwa mbuzi kwenye gunia, tena mbuzi wa kulipiwa na wajukuu.

Mashirika mawili ya kiraia, Earthlife Africa Johannesburg na taasisi ya mazingira ya jumuiya za dini ya SAFCEI, yalikwenda mahakamani. Tarehe 26 Aprili 2017, Mahakama Kuu ya Western Cape ilitamka kwamba kuuwasilisha mkataba ule bungeni kwa njia ile kulikiuka katiba, ikaitupilia mbali hatua hiyo pamoja na taratibu za ununuzi zilizokuwa zimeanza. Serikali haikukata rufaa. Baadaye, mwaka 2018, aliyekuwa Waziri wa Fedha Nhlanhla Nene aliiambia tume ya Jaji Zondo, iliyochunguza ufisadi serikalini, kwamba alifutwa kazi Desemba 2015 kwa kuwa alikataa kuidhinisha mpango huo, ikiwemo barua ya dhamana aliyotakiwa kuisaini akiwa kwenye mkutano wa Ufa, Urusi.

Ukiziweka kesi hizi mbili pamoja, unaona kilichozitofautisha. Marekani haikuwa mpole kwa India kuliko Urusi kwa Afrika Kusini. Dola kubwa haina upole kazini. Tofauti ni kwamba maandishi ya India yalikuwa mikononi mwa kila aliyetaka kuyasoma.

Na wakaguzi? Kusema kweli, hao hawaninyimi usingizi. Mkaguzi wa IAEA anakuja, anahesabu urani, anakagua lakiri na kamera zake, anaondoka. Kinachonitia wasiwasi ni mwenye mtambo asiyeondoka. Uturuki ilikubaliana na Urusi Mei 2010 kwamba Urusi ijenge, imiliki na kuendesha vinu vinne huko Akkuyu, pwani ya Mediterania. Hisa za upande wa Urusi haziruhusiwi kushuka chini ya asilimia 51, na Uturuki iliahidi kununua sehemu ya umeme huo kwa senti 12.35 za dola kwa uniti kwa miaka 15. Bunge la Uturuki liliridhia, kwa hiyo sitasema walifichwa. Lakini mtambo wa megawati 4,800 kwenye ardhi yako ambao hisa zake nyingi ni za serikali nyingine ni mzigo wa aina yake siku urafiki utakapoharibika.

Halafu kuna mafuta ya nyuklia yenyewe. Vinu vya muundo wa Kirusi vinatumia mafungu ya fimbo za urani yenye pembe sita. Vya Magharibi vingi ni vya pembe nne. Huwezi kubadili muuzaji kwa simu. Ukraine ilianza kujaribu mafuta ya kampuni ya Kimarekani ya Westinghouse kwenye vinu vyake miaka ya 2000, ikaongeza kasi baada ya 2014, na vita vya 2022 vilipowaka ndipo ilipoachana kabisa na mafuta ya Urusi. Bila miaka ile ya kujiandaa ingejikuta inaomba mafuta ya nyuklia kwa anayeirushia makombora. Kifungu cha nani mwingine anaweza kutuuzia, na baada ya muda gani, ningekisoma mara tatu kabla ya kile cha wakaguzi.

Kwa wanaoona kukubali sharti lolote ni kujidhalilisha, natoa mfano wa Falme za Kiarabu. Mwaka 2009 zilikubali, kwa sheria yao wenyewe na katika mkataba na Marekani, kutorutubisha urani (kuikoleza iwe mafuta ya vinu, au hata ya bomu) wala kuchakata upya mabaki katika ardhi yao. Waliacha haki kubwa, wakijua wanaiacha. Leo mitambo minne ya Barakah, iliyojengwa na Wakorea Kusini, inatoa karibu robo ya umeme wao. Mimi naona nchi iliyopima na kuamua ilitumia mamlaka yake, hata kama wewe au mimi tungeamua vingine.

Maofisa watasema mazungumzo ya nyuklia ni nyeti, kwamba ukiyaweka wazi mshirika atakimbia. Waangalie tarehe za India. Maandishi ya mkataba yaliwekwa hadharani tarehe 3 Agosti 2007, kabla haujasainiwa. Kwa zaidi ya mwaka yakachambuliwa magazetini, wanasayansi wa atomiki wakabishana wao kwa wao, washirika wakaikimbia serikali, kura ya imani ikapigwa. Marekani haikukimbia. Mawaziri wa mambo ya nje, Condoleezza Rice wa Marekani na Pranab Mukherjee wa India, waliusaini tarehe 10 Oktoba 2008.