Chui wa Mheshimiwa

Basi na mimi niseme, maana mpiga marimba wetu ameshaniwahi. Tangu Jumamosi jioni ameweka video kwenye status yake, sekunde 14, na juu kaandika "Msanii wetu na kazi yake mpya". Mpaka sasa nimetumiwa na watu zaidi ya thelathini. Shangazi yangu wa Masasi, ambaye hata vocha huingiziwa na mjukuu, naye kanitumia. Hakuandika neno. Kaweka tu kile kikatuni kinachocheka hadi machozi.

Video haina mwanzo, na mwanzo wa mambo yote haya ni masurufu, yaani zile fedha unazopewa za kufanyia kazi ya ofisi halafu unazirejeshea risiti.

Mnaonifuata tangu enzi za kuandika "Mwenye Wivu Ajinyonge" nyuma ya bajaji mnakumbuka kuwa mwezi wa pili nilipata kazi kwenye kituo kimoja cha sanaa huku Mbagala. Mratibu msaidizi, mkaniandikia hongera nyingi. Nafundisha watoto kuchora Jumatatu na Jumatano. Siku zilizobaki naandika barua kwa afisa utamaduni, nasaka ankara kifani (zile karatasi za bei kabla hujanunua) tatu za kitu kimoja, halafu napeleka risiti kwa mhasibu, naye anaziinua kwenye mwanga kama noti bandia. Miaka mitano nimekula kwa brashi. Sikujua kuna watu wanakula kwa fomu.

Sasa tukaandaa maonyesho ya kazi za watoto, na mgeni rasmi akakubali kuja. (Nani? Sisemi. Anayemjua anamjua, na msimtaje huko chini.) Kukodi kile kiti cha maharusi chenye mgongo mrefu ni elfu hamsini. Kifungu cha viti kilikuwa kimebaki elfu nane. Nikaenda kwa Mama Mkurugenzi na karatasi yangu, akaisoma, akavua miwani, akaniuliza, "Kwani wewe mwanangu si msanii?"

Hapo ningesema hapana.

Stoo kulikuwa na kiti cha mbao cha mikono, bungua wamekila mpaka kimekuwa chepesi kama kapu. Ijumaa saa tatu usiku nikakitoa, nikanunua rangi ya mafuta, vikopo vidogo vinne, nikaanza. Marehemu Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora hapa Dar mwaka 1968 alitumia rangi za namna hii, zile za kupakia baiskeli, juu ya vipande vya ubao. Ubao, wakuu. Ubao unatundikwa ukutani. Hakuna anayeukalia.

Nikapaka bluu. Nikaona hafifu, nikaongeza. Nikaona bado, nikaongeza. Mgongoni nikaandika KARIBU kwa herufi nyeusi zenye kivuli chekundu, maana mkono wa bajaji hauishi mtu. Kwenye kikalio nikamweka chui: madoa mwili mzima, masharubu, macho mawili makubwa yanakutazama. Kila doa tone zima la rangi. Nikamwelekezea feni. Saa sita umeme ukaondoka, na mvua za masika zikaanza. Nikalala na amani yangu.

Asubuhi nikagusa kwa kidole. Kavu.

Na hapa ndipo aibu yenyewe ilipo, ile ambayo mpiga marimba haijui. Rangi ya mafuta ukiipaka nzito huota ngozi juu, kama uji uliopoa, huku chini bado mbichi. Ukiibonyeza, ngozi inapasuka. Haya si mambo niliyojifunza baadaye. Nilikuwa nimewafundisha watoto Jumatano ya wiki hiyohiyo, nikapiga na ubao kofi kwa msisitizo.

Mheshimiwa akafika saa nne na nusu, kaunda suti ya rangi ya maziwa. Hata moyo haukunidunda. Nilichowaza ni kwamba na ile bluu itatoka vizuri kwenye picha.

Akakaa. Ni mtu mwenye mwili, Mungu ambariki. Jua likatoka. Watoto wakaruka sarakasi, wakapiga ngoma, risala ikasomwa yote pamoja na kipengele cha choo. Saa nzima na dakika ishirini amekaa, ameegemea, anatikisa mguu kufuata marimba.

Mshereheshaji akasema, "Itifaki imezingatiwa. Tusimame, tumkaribishe mgeni rasmi."

Tukasimama. Mheshimiwa akashika mikono ya kiti. Akainama mbele kidogo. Akaanza kunyanyuka, nami nikasikia sauti. Haikuwa kubwa. Ni ile sauti ya plasta ikibanduliwa polepole kwenye mguu wenye vinyweleo. Krrrrr. Akasita. Akarudi chini, akatabasamu kama mtu aliyekumbuka jambo. Akajaribu tena, safari hii kwa nguvu, na miguu ya nyuma ya kiti ikaacha ardhi.

Akabaki hivyo, si wa kusimama si wa kukaa, kiti kimemng'ang'ania kama mtoto asiyetaka mama aende sokoni. Mpiga marimba akadhani ndiyo ishara, akaanza kupiga. Akina mama wakapiga vigelegele. Mimi nikachomoka mstari wa nyuma, nikapiga magoti nyuma ya mheshimiwa, nikashika miguu ya kiti kwa mikono miwili, na kwa kuwa nimelelewa vizuri, nikasema:

"Shikamoo mheshimiwa."

Kutoka huko chini. Na akaitikia! "Marahaba. Ni nini hicho?"

"Kiti, mheshimiwa."

Nikavuta. Yeye akaenda mbele, mimi nikaenda nyuma, kiti kikanikalia kifuani. Hizo ndizo sekunde 14 mlizoziona.

Msichoona ni kwamba mheshimiwa alinyoosha koti, akageukia kipaza sauti, na watu wote wa upande wangu wakanyamaza. Kwenye makalio ya kaunda suti alikuwa amekaa chui. Mzima. Masharubu yote, jicho moja kila upande, na kila mheshimiwa alipopiga hatua, chui alikonyeza. Mgongoni KARIBU imesomeka kinyumenyume, herufi zimegeuka kama kwenye kioo.

Pakawa kimya. Kisha mwanafunzi wangu wa miaka saba, tuliyekuwa naye kwenye somo la kupiga chapa kwa viazi, akasema kwa sauti ya darasani: "Mwalimu! Hiki kimetoka vizuri kuliko cha kiazi!"

Mheshimiwa akahutubia. Kila alipogeuka kuonyesha picha za watoto ukutani, ukumbi uliangua kicheko. Akaona hotuba imewakolea, akaongeza ucheshi, akaongeza kugeuka. Alipanga dakika kumi, akaenda thelathini na tano. Wewe unayecheka hapo, ungekuwa umeshika kiti ungejua thelathini na tano ni nyingi kiasi gani.

Akaambiwa akiwa kwenye gari. Mama Mkurugenzi amepiga simu tatu za kuomba radhi, suti imepelekwa kwa dobi, dobi amesema bluu itatoka ila chui hana uhakika. Nimeandikiwa barua. Nimeijibu. Mhasibu amekataa marejesho yangu kwa sababu "gharama za dobi" hazina kifungu, na dobi hana risiti ya mashine.

Kiti kiko uani. Chui aliyebaki hana uso.

Kimekauka leo asubuhi.