Hamilton: ukoo mmoja au jina tu?

Watu wawili wakiitwa Hamilton, je, ni ndugu? Wafuatiliaji wa nasaba hawakubaliani. Wanaolitegemea jina wana hoja: hurithiwa kwa baba, na kromosomu Y nayo hutoka kwa baba kwenda kwa mwana, kwa hiyo kipimo cha vinasaba kinaweza kuthibitisha jina. Alexander Hamilton, Waziri wa Fedha wa kwanza wa Marekani, alizaliwa nje ya ndoa katika kisiwa cha Nevis, Karibiani, lakini jina halikudanganya: baba yake alitoka Uskoti, kwenye ukoo wa jina hili.

Hata hivyo, wanaolitilia shaka ndio wenye nguvu zaidi. Katika visiwa vya Karibiani, watu wengi waliotumikishwa walibaki na majina ya wenye mashamba. Hapo jina hukuonyesha shamba, wala si lazima likuonyeshe damu. Kuasiliwa na kubadili jina pia hukata uzi huo.

Majina ya miji nayo hupotosha. Mwenye jina hili hukimbilia mji wa Hamilton, Uskoti, akidhani ndiko asili. Mji huo uliitwa Cadzow hadi 1445, ulipopewa jina la bwana wake, James Hamilton. Ukoo ulitangulia! Hamilton ya Bermuda ni ya gavana Henry, ile ya Ontario ni ya mfanyabiashara George, na ile ya New Zealand, ambayo Wamaori huiita Kirikiriroa, ni ya nahodha John, aliyeuawa vitani Gate Pā mwaka 1864. Kuzaliwa katika mji wowote kati ya hiyo hakukuunganishi na wenye jina.

Kosa kubwa hutokea kwenye daftari za parokia. Waskoti wengi walimpa mtoto wa kwanza wa kiume jina la babu mzaa baba. Mzee James akiwa na wana wanne, unaweza kukuta wajukuu wanne walioitwa James Hamilton, parokia moja, umri unaokaribiana. Ukichukua wa kwanza unayemwona, mti wote wa ukoo unapinda. Tafuta pia tahajia kama Hambleton, kisha linganisha kazi ya baba na mashahidi wa ubatizo. Kwa waliooa au kufariki tangu 1855, serikali ya Uskoti ilipoanza kusajili, agiza cheti: kwa kawaida kina jina la mama kabla hajaolewa, na hilo ndilo huwatenganisha hao akina James.