Kilaptopu kisichokuwa na mdomo

Jamani hivi mtu aliyetengeneza kompyuta haina CD, haina flopi, haina chochote cha kuingizia kitu, alitegemea sisi tutailisha vipi? Nimeokota kilaptopu cha mtumba Kariakoo 80,000, muuzaji ananiambia bosi ipo safi kabisa, bado kupiga windo tu, yaani kuweka mfumo wa kuiendesha. Bado kupiga windo tu!

Nikasema sawa, flashi si ninayo. Nachomeka, kitaa cha flashi kinawaka vizuri tu, kwenye skrini kimstari cheupe kinakonyeza na hakuna kinachoendelea. Kumbe bayosi, kile kiprogramu kinachoamsha mashine, ni ya zamani hiyo, umeme inaipa flashi ila kubuti nayo, yaani kuanzia kazi humo, haijui. Basi nitoe hadi diski nikaichomeke kwenye deskitopu ya shemeji, nafungua nakuta pini 44 nyembamba kama meno ya kitana, deskitopu yake ni ya SATA, plagi za kisasa zaidi, haziongei. Adapta naambiwa 25,000. Yaani kwa kidude cha 80,000.

Fundi wa mtaani akanionea huruma, akaniambia piga kwa netiweki, wenyewe wanaita PXE. Hapo mashine ikiwaka haina kitu kichwani inabisha hodi kwenye waya, jamani nani ana anwani ya kunipa, kompyuta ya pili inaitikia kwa DHCP halafu inaitumia mafaili kwa TFTP. Maelezo matamu. Sasa mi nikasahau kwamba rauta nayo inagawa anwani, ikawa rauta na kompyuta zinamgombania huyu mmoja kama wapiga debe wa Mbagala wamemuona abiria mwenye begi, kikapanda gari silo, mafaili hakioni. Siku mbili hizo! Kuja kuchomoa rauta, waya moja kwa moja mashine kwa mashine, intaneti natoa kwenye bando la simu, ndo Debian, mfumo wa bure niliouweka badala ya windo, ikakubali kuanza kujipakia.

Betri ya kilaptopu ilishakufa tangu enzi za Mkapa, bila chaja hakiendi. Na Mama Zuu tangu asubuhi anasema Baba Zuu, luku inasoma uniti 2, mi namjibu ngoja nimalize hiki kwanza, tena kwa sauti ya mtu mwenye kazi ya maana.

Saa 5 usiku. Asilimia 83. Pap, giza.

Kimya kidogo, halafu kutoka chumbani nasikia, taratibu kabisa: "Baba Zuu."